Reli Juu ya Mlango wa Kabati

Daktari wa macho alipomaliza kumpima baba yangu alizima kitochi chake, akasema jicho la kushoto limeshakufa na la kulia limebakiwa na muda. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Baba aliuliza kama sasa anaruhusiwa kuvaa kofia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikiutazama mlango wa kabati lililokuwa ukutani, na nilichokuwa nawaza ni kwamba mlango wa upana ule ungefaa sana.

Nieleze. Wanaume wa rika langu hapa Masasi wanafuga kuku wa mayai, wananunua shamba la pili la mikorosho, au wanaoa tena. Mimi najenga reli ndogo. Nilianza baada ya kuona kwenye simu picha za watu wa mbali wanaotengeneza reli nyembamba za zamani kwa kipimo kidogo: kona moja ya kituo, behewa lenye kutu, majani yaliyoota katikati ya njia, vyote vinaenea juu ya meza. Nafundisha historia sekondari. Nimekwenda chuo kikuu mara mbili, na mara zote mbili nilirudi nyumbani nikakuta korosho zimeokotwa bila mimi. Kazi ya kuinama juu ya kitu kisicho na faida nilikuwa nimeshaizoea.

Reli zangu ni spoku za baiskeli zilizonyooshwa kwa nyundo. Mataruma, vile vibao vinavyolala chini ya reli, ni njiti za kiberiti zilizokatwa sawasawa na kulowekwa kwenye chai ya rangi. Vichaka ni vipande vya dodoki. Majani makavu ni majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Behewa ni kopo la samaki, na kutu yake ni ya kweli, maana nililiacha kwenye mvua masika nzima. Mke wangu hafichi maoni yake.

"Wenzako wanajenga nyumba," aliniambia, "wewe unajenga kituo ambacho hata kuku hapiti."

"Kuku hapiti kwa sababu ya kipimo. Kuku ni mkubwa kuliko behewa."

"Na wewe je, unaenea wapi humo?"

Niliendelea kukata njiti.

Ile reli yenyewe ilikuwapo kweli. Zama za ukoloni ilitoka pwani ikaingia nchi hii ya kusini kwa ajili ya mashamba ya karanga, ikafika Masasi, na baada ya Uhuru haikukaa sana ikaondolewa. Kilichobaki ni tuta porini na makalavati mawili matatu ambamo mbuzi hujikinga jua. Baba alikuwa na kazi huko ujanani. Kwetu Kitangari, juu kwenye uwanda wa mlimani, jambo hilo lilisemwa kama wengine wanavyosema kwamba ndugu yao alisoma Ulaya: mzee alifanya kazi reli. Basi siku ile ya daktari, tukiwa njiani kurudi, niliamua. Nitajenga kituo kidogo cha chini ya uwanda kama kilivyokuwa enzi zake, nitakimaliza kabla jicho la kulia halijafungwa, na nitakiweka mbele yake asubuhi moja karibu na dirisha, akione. Nilikadiria miezi minne. Fundi seremala alinipa mlango wa kabati ulioliwa na mchwa upande mmoja.

Dada yangu ndiye anayeishi na baba na kulihudumia shamba. Kwa hiyo mimi nilipiga simu kila wiki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo. Dawa ya macho unaweka?"

"Dawa ipo."

"Haijaisha?"

"Ipo nyingi tu. Usihangaike."

Nilifurahi kwamba ipo nyingi. Mtu mwenye shahada mbili anaambiwa, mwezi wa tatu tangu siku ya daktari, kwamba chupa zilizotakiwa kwisha moja kila mwezi bado ni nyingi, naye anafurahi, anakata simu, anarudi kwenye gundi yake.

Mwezi huohuo nilimuuliza kuhusu paa.

"Baba, kile kituo kilikuwa cha bati au nyasi?"

"Bati. Tulilitoa."

"Mlilitoa?"

"Tulitoa kila kitu. Kazi yetu ilikuwa kung'oa. Ulidhani tulikuwa tunafanya nini?"

Niliyatazama mataruma mia tatu niliyokuwa nimeshayabandika. Nikamuuliza kama hata mara moja hakuwahi kupanda treni.

"Nilipokuwa mdogo niliisikia kwa mbali. Nilipoajiriwa ilikuwa imeshaacha kupita. Kwani nani alikwambia nilipanda?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimejiambia mwenyewe. Niliendelea kujenga, kwa hoja kwamba mfano wa reli iliyong'olewa ni mlango wenye udongo juu yake, na huo hata mimi ningeona aibu kumpelekea mtu.

Korosho zilipoanza kudondoka dada alipiga simu.

"Kaka, njoo. Baba amemimina chai pembeni ya kikombe."

"Imemwagika kidogo?"

"Hakujua. Aliendelea kumimina mpaka nikamshika mkono."

Nilimwambia nitakuja Jumamosi kwa sababu gundi ya paa haijakauka. Ndiyo, nilisema hivyo. Dada akasema haya, Jumamosi. Nilikaa na simu mkononi nikisubiri moyo unishtuke. Haukushtuka. Nikachukua chujio nikanyunyiza tabaka la mwisho la udongo, na kazi ilikuwa nzuri, lazima niseme.

Jumamosi nilipanda uwanda na mlango mapajani, nimeufunika kwa kitenge cha mke wangu, kwenye gari ndogo ya abiria wanne iliyobeba saba. Mama mmoja wa kijiji cha Mkunya aliyekaa ubavuni kwangu alifunua pembe ya kitenge.

"Mwalimu, hili ni kaburi la nani?"

"Si kaburi, Mama. Ni tuta la reli."

"Reli inakwenda wapi?"

"Haiendi."

"Basi ni kaburi," akasema, akarudisha kitenge vizuri, kwa heshima. Dereva alicheka mpaka tunapita kona. Kuanzia hapo kila shimo lilipotokea alipunguza mwendo na kusema, "Pole na marehemu, mwalimu."

Baba alikuwa kwenye baraza, ameketi wima, uso wake umeelekea upande ambao hakuna mtu anayetokea. Nilimwamkia akaugeuza. Akaitikia, akasema nimechelewa chai ya kwanza, akauliza habari za wanafunzi. Dada alinivuta ndani. Alifungua kopo la maziwa ambalo marehemu mama alitunzia vifungo, akanionyesha chupa za dawa. Sita. Nne hazikufunguliwa.

"Anaweka Jumapili tu," alisema. "Na siku ya kwenda shamba la kule Mnyambe."

"Kwa nini Jumapili?"

"Ili aone kitabu cha nyimbo. Mimi nilijua ndivyo daktari alivyosema."

Baba alitusikia. Masikio yake hayana tatizo.

"Dawa nzuri haichezewi," alisema kutoka barazani. "Unaiweka siku yenye kitu cha kutazama. Siku nyingine natazama kuku hawahawa, niwamalizie dawa?"

Alikuwa ameitumia kama watu wa kwetu wanavyotumia kila kitu kizuri. Kanzu nyeupe ya kwaya, sahani za maua, viatu vya ngozi: vinakaa sandukuni vikisubiri siku yake. Tulilelewa tukichota maji mbali, kwenye bonde, na hata maji tulikuwa nayo ya kunywa na ya wageni. Alidhani tone linawasha jicho kama mafuta yanavyowasha taa, na mwenye akili hawashi taa mchana. Dada hakuwako kwa daktari. Niliyekuwako ni mimi.

Nilitoka nikamweleza. Nilisema dawa haikuwa ya kuonea, ilikuwa ya kulinda, kila siku, asubuhi na jioni. Sauti yangu ilikuwa ya darasani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo limekwenda," alisema.

"Tutarudi kwa daktari Jumatatu."

"Sikuulizi Jumatatu. Nauliza kama limekwenda."

"Naona limekwenda, Baba."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa. Kisha akasema amesikia nimeteremsha kitu kizito, ni nini.

Dada aliuweka mlango juu ya meza ya barazani, akaleta na chai, vikombe vitatu na bakuli la sukari. Nilitoa kitenge. Jua lilikuwa zuri, lilikuwa jua lile nililolipanga. Dada aliinama akaangalia kibanda, pipa la maji, behewa, mafungu ya nyasi, akasema taratibu, "Kaka, umefanya haya kwa mikono?" Nilimshika baba mkono wa kulia nikauweka kwenye ukingo.

Aliugusa udongo kwanza. Alichukua kidogo kati ya vidole, akasugua.

"Umeuchota wapi?"

"Hapa, nyuma ya jiko. Likizo ya mwezi wa sita."

"Huu wa kwetu. Reli haikupanda huku juu. Kule chini mchanga unakwaruza, una vijiwe vya ile milima yenu."

Ile milima ya mawe naiona kila asubuhi nikipiga mswaki. Mchanga wake naukung'uta kwenye viatu kila jioni. Lakini nilibeba mfuko wa udongo mwekundu kutoka Kitangari, nikauanika, nikauchekecha mara tatu, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba ardhi inaweza kuwa na rangi nyingine. Mtu yeyote aliyezaliwa huku juu angefanya hivyo hivyo. Najua si utetezi.

Vidole vyake vilipanda tuta vikakuta spoku.

"Hivi vyuma bado vipo?"

"Nimejenga ilivyokuwa kabla hamjang'oa."

"Mimi kabla yake siijui. Toa."

"Baba," dada alisema, "amehangaika miezi minne."

"Sisi hiyo tungeitoa kabla ya uji. Toa, mwalimu, nikwambie ilivyokuwa. Unaanza na misumari. Halafu vile vyuma vya kuungia. Reli huitupi, inabebwa na watu kumi begani, bega moja wote. Msimamizi anawapanga kwa urefu, warefu pamoja, wafupi pamoja. Wetu hakujali. Mimi mfupi aliniweka katikati."

"Ukabeba?"

"Nibebe nini? Reli ilipita juu ya bega langu, pana nafasi ya ngumi. Nilitembea miezi mitatu nimeinua mkono kama nabeba, na kuguna naguna."

Dada alicheka hadi akaketi chini. Mimi nilikuwa nimeshachukua kisu cha matunda. Gundi ilikuwa nzuri, spoku zilitoka na mataruma yake, zikapinda. Nilizipanga pembeni ya bakuli. Nilitoa behewa. Aliuliza kama bati bado lipo, nikalitoa bati.

Lilibaki tuta. Alilipapasa kwa kiganja chote, akasema sasa ndivyo. Akaweka vidole viwili juu yake, cha shahada na cha kati, akaanza kutembea.

"Hii ndiyo ikawa njia yetu. Masika chini pote maji, juu hapa pakavu. Mama yenu nilimchukua kwao Masasi nikampandisha kwa njia hii, ana sanduku kichwani, hataki nimpokee. Hapa tulipumzika." Vidole vilisimama kidogo. "Hapa akaniuliza kama kwetu kuna maji. Nikamwambia yapo."

"Ulimdanganya," dada alisema.

"Mpaka Kitangari ndipo alipojua."

Aligeuza vidole, akarudi navyo kuelekea Masasi, bila haraka, akavuka mahali palipokuwa kituo, akafika kwenye ukingo uliotafunwa na mchwa. Alingoja.

"Mbona imekatika?"

"Mlango umeishia hapo, Baba."

"Bado mwendo wa asubuhi nzima."

Vidole vilishuka ukingo, kimoja kisha kingine, vikakanyaga meza tupu, vikaendelea. Mbele yake kulikuwa na chai ya moto. Nilianza kuondoa vikombe.