Mama Aliyepiga Kura Dhidi ya Basi Letu

Habari za kifo chake nilizipata Jumapili baada ya ibada, watu wakivaa makoti. Nilisikitika, lakini sikujua nimlilie kwa namna gani. Wasomaji wa safu hii mnaoishi Akalla, kitongoji chetu hapa Uswidi, mtanielewa. Ni yule mama Mkongo, mhudumu wa wazee, aliyegombea nafasi kwenye bodi ya usafiri ya mkoa iliposemekana basi letu la kwenda zahanati litaondolewa. Alisimama nje ya stesheni kwenye baridi, akiwaeleza watu wetu kwamba hata asiye na pasi ya Uswidi anaweza kupiga kura ya mkoa. Mimi Mkenya nilimsaidia kugawa vipeperushi hadi kitongoji cha Sundbyberg. Akapata kiti, tukaimba.

Kisha bodi ikaambiwa fedha zinatosha basi moja tu: letu, au lile la vilimani upande wa Skärholmen. Akalipigia kura lile la Skärholmen.

Mzee mmoja alimkabili kanisani. “Mama, tulikutuma ukatuulie basi letu?”

“Mlinituma kwenye bodi ya mkoa mzima, baba,” alijibu taratibu. “Nimeyapanda yote mawili. Sisi tukikosa basi, tunatembea kidogo. Kule wazee hawatoki nyumbani kabisa.”

Uchaguzi uliofuata hakuna aliyemchagua. Nami sikumpigia kura, ingawa sikuweza kusema amekosea wapi.

Baadaye goti lilimsumbua. Majira ya baridi ya mwaka mmoja nilimkuta akienda zahanati kwa miguu, ameshikilia ukuta kwa sababu ya barafu. Nikampa mkono, tukatembea polepole.

“Mama, unajuta?”

“Kila nikikanyaga barafu, ndugu yangu.”

“Basi leo ungepiga kura tofauti?”

“Hapana.”

Nilimtazama nisielewe, naye akaniuliza habari za watoto.

Nimezoea siasa ambayo mtu wetu akipata kiti, nasi tumekula. Huyu alipata kiti akawalisha watu asiowajua, kisha akalala na njaa pamoja nasi. Sijui kama huo ni uaminifu au usaliti, na kila nikidhani nimeamua, najikuta nimegeuka. Ninachokijua ni kwamba tulimtuma bila kumwambia, wala kujiuliza wenyewe, kama tunataka mtu mwenye haki au mtu wetu. Tulidhani ni kitu kimoja.