Chupa ya Nkwimba

“Na wenzake je?”

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja wa Kisukuma kwenye dirisha la dawa, mwanangu, miaka ile ya tisini. Nilicheka tu, nikidhani ananitania.

Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya baridi, foleni ya akina mama imetoka nje ya zahanati yetu, pembeni mwa kata ya Kawajense. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi juzijuzi, mbishi kwelikweli. Hakuna jambo nililolikubali bila kudai sababu. Sista Yustina, muuguzi mkuu wetu, aliniita Mama Kwa Nini. Akinisalimu, alijijibu mwenyewe akiigiza sauti yangu: “Kwa nini unanisalimu?” Wagonjwa wote wakacheka.

Mama yule aliitwa Mama Nkwimba. Familia yake ilihamia na ng’ombe kutoka kaskazini, ikakaa porini njia ya Katumba. Mwanawe mdogo, Nkwimba, alikuwa na nimonia. Nilimvua sweta na shanga, nikampima uzito, nikapiga hesabu ya miligramu kwa kilo, nikaigeuza kuwa mililita, kisha nikairudia kuanzia mwisho. Ilikuwa sahihi. Nikampa mama chupa ya dawa ya maji, tamu kama sharubati, na kijiko cha kupimia: kipimo kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ndipo aliponiuliza swali lake.

Siku chache baadaye akarudi. Nkwimba alikuwa wa moto, anapumua mbiombio. Nikainua chupa kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imepungua sawasawa na hesabu yangu. Basi amepewa, nikawaza, dawa ndiyo imeshindwa. Nikaanza kuandika kipimo maradufu.

Sista Yustina akaweka kiganja juu ya kalamu yangu.

“Unaongeza nini, na hujui ya kwanza ilifika wapi? Figo za mtoto huyu zikilemewa, utamwazima zako?”

“Lakini Sista, chupa inaonyesha...”

“Chupa haiumwi, binti. Muulize mama. Si ndiyo kazi unayoipenda, kuuliza?”

Nikamuuliza. Mama Nkwimba akanishangaa.

“Nimewapa vizuri, nesi. Kijiko kilekile. Nkwimba kidogo, kaka yake kidogo, mapacha kidogo, na yule wa marehemu dada yangu. Kwetu mtoto halambi kitamu wenzake wakimtazama. Nitakuwa mama gani?”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hesabu yangu ilikuwa ya mtoto mmoja. Nyumba ile haikuwa na mtoto mmoja.

Sista alimfunua Nkwimba kifua, akatazama mbavu. Hazikuwa zinavutwa ndani, kwa hiyo ugonjwa haukuwa umezidi. Akamshukuru Mungu. Akampa kipimo kamili palepale, chupa mpya ikafunguliwa.

“Dada,” alimwambia mama, “hiki si kitamu, ni dawa. Ni ya huyu peke yake. Wenzake wakipewa haiwafai, na yeye inampungukia.”

“Watalia.”

“Utafanyaje?”

“Nitajua mwenyewe. Wabeja, asante, Sista.” Akambeba mtoto mgongoni, akaondoka.

Hadi siku aliyoambiwa arudi, kila mlango uliposukumwa niligeuka. Aliporudi, Nkwimba alinipiga teke pale kwenye mizani, teke la mtoto aliyeshiba. Sijawahi kupigwa nikafurahi hivyo.

Basi, mwanangu unayeanza kuvaa sare ya uuguzi, shika haya. Mtoto mpime leo, usitumie uzito wa mwezi uliopita. Hesabu yako irudie, na mwenzako aipige bila kuona jibu lako. Asipopona, usikimbilie kuongeza. Uliza kwanza dawa ilimezwaje, na nani, na nani alikuwa anatazama. Uliza bila kufoka, maana mama anayeogopa atakujibu unachotaka kusikia. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilikuwa nawauliza wakubwa zangu tu, si akina mama.

Mungu aibariki mikono yako, kila kipimo kiingie katika kinywa kilichokusudiwa, na kila mtoto unayempokea amebebwa arudi nyumbani akicheza.

Jambo moja niliambiwa miaka mingi baadaye na Nkwimba mwenyewe, akiwa mtu mzima, kama alivyosimuliwa na kaka zake. Jioni zile mama yao aliwapanga wote mstari mmoja. Nkwimba akapewa dawa, na wakubwa zake, mmoja mmoja, asali.