Mabruki wa Nani?

Kuna siku moja, mwanangu, sijaisahau na sitaki kuisahau: siku ambayo babu yangu aliulizwa swali jepesi mbele ya watu, akashindwa kulijibu. Nitakusimulia. Lakini weka kwanza hiyo simu chini, maana jana umenisomea majina mpaka kichwa kimeniuma. Mabruki wa Ujiji, Mabruki wa Tabora, Mabruki wa Bagamoyo, wa Unguja, wa Mombasa, hata wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Ukafurahi kwamba tuna ndugu wengi hivyo. Halafu hata chai hujamaliza, ukaniambia umeamua mtoto wako mchanga asiitwe Mabruki, kwa sababu kuna mtu kazini kwako amekucheka, eti hilo ni jina la watumwa.

Huyo mtu hakukosea. Ndiyo maana nataka ukae.

Babu yangu, huyo Mabruki mwenyewe, alikuwa mtu wa heshima hapa Sumbawanga enzi za Mwingereza. Alikuwa na duka la samaki wakavu waliopandishwa kutoka Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, kanzu yake haikuwa na doa, na msikitini alisali safu ya mbele. Alisema watu wake ni wa pwani. Pwani ipi, hatukuambiwa. Alipenda kutueleza kwamba jina letu ni la Kiarabu na maana yake ni aliyebarikiwa, nasi tulilibeba kwa maringo kweli kweli. Ila mtu akimuuliza, "Mabruki bin nani?" alijibu, "Bin Abdalla," na hapo hapo akageuza mazungumzo, akauliza habari za mvua.

Ujue siku zile mjini watu walikuwa wanapimana. Mwingereza alishaufuta utumwa kwenye sheria, lakini vibarazani na kwenye posa watu waliojiita waungwana walikuwa bado wanachunguza nani katoka wapi. Aliyejulikana kuwa mtoto wa mtumwa hakufukuzwa safu ya mbele. Watu walimbana tu kidogo kidogo mpaka akajikuta nyuma, karibu na viatu.

Wazazi wetu walishafariki, kwa hiyo tulilelewa na babu, mimi na kaka yangu Saidi. Mimi nilimsaidia dukani. Saidi alikuwa tandiboi wa lori lililokwenda Mwimbi kupakia mahindi na ulezi, na huko Mwimbi akampata binti anaitwa Kristina. Saidi alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, anayeweza kuuza chumvi kwa mtu aliyetoka kununua chumvi, lakini akitamka jina la huyo binti alikuwa anapunguza sauti. Nilimtania sana. Alimtaka kweli, na binti alimtaka, na hilo ndilo lililokuwa juu ya mizani siku ninayokuambia.

Tulikwenda kuposa mwisho wa mvua, wakati udongo ungali laini. Babu alikwenda mwenyewe, pamoja na Mwalimu Shomari, aliyefundisha watoto Kurani mjini, ndiye mshenga wetu. Baba yake Kristina aliitwa Mzee Luka, Mfipa mkulima, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Tulimkuta shambani, anatengeneza matuta pamoja na watu wake. Akatuomba tumsubiri kidogo amalize mstari.

Wewe umekulia mjini, labda hujawahi kuyatazama vizuri matuta ya Kifipa, yale wanayoyaita intumba. Nyasi hukusanywa kwa duara, kisha udongo hukatwa na kupinduliwa juu yake, upande wa majani ukitazama chini, bonge juu ya bonge mpaka tuta linainuka la mviringo. Nyasi zinaoza ndani, zinakuwa mbolea. Si kazi ya kubahatisha. Mgeni akijaribu, tuta linamporomokea miguuni.

Sasa babu alisimama pale akitazama. Sijui nini kilimpata. Kulikuwa na jembe limelazwa pembeni. Akakunja kanzu yake, akaichomeka kiunoni, akalichukua lile jembe. Mwalimu Shomari akacheka, akidhani ni mzaha wa posa. Babu hakucheka. Alikata bonge, akalipindua, akalilaza. Akakata lingine, akalipindua. Mikono ilikwenda yenyewe. Muda si muda tuta lilikuwa limesimama, la duara, halina kasoro, nami sikuwahi kumwona babu akishika jembe maishani mwangu.

Mzee Luka aliacha kazi yake. Akasogea, akalizunguka lile tuta, akalibonyeza kwa mguu.

"Mzee wa pwani," akasema, "nani kakufundisha tuta letu?"

Babu akaliweka jembe chini taratibu. Akamtupia jicho Mwalimu Shomari. "Nimewaona watu wakilima njiani," akasema. "Mtu anaiga."

"Hili haliigwi," akasema Mzee Luka. Lakini hakuendelea, akatukaribisha nyumbani.

Tukaketi, tukaletewa togwa. Mwalimu Shomari akaeleza shida yetu kwa lugha nzuri sana, akawataja wahusika, na akalitaja jina la babu kwa ukamilifu kama inavyotakiwa. Mzee Luka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia. Tulikuwa tumejiandaa kwa habari za dini, kwamba yeye ni Mkristo na sisi Waislamu. Yeye akasema, "Habari za dini ningekwenda kuzungumza na padri, tungeona. Kinachonikwaza ni hilo jina."

"Jina lina nini?" Mwalimu Shomari akauliza. "Ni jina zuri, maana yake aliyebarikiwa."

"Kaka yake mama yangu alichukuliwa shambani akiwa mtoto mdogo," Mzee Luka akasema. Hakupaza sauti. "Walikuja watu wenye majina kama hilo, wakamfunga kamba, wakateremka naye ziwani. Bibi yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila jioni alikuwa anamwekea chakula chake pembeni. Amekufa bado anamwekea. Sasa mimi nitampaje Kristina kwa watu hao?"

Saidi alikuwa anatazama mkeka. Ndipo Mzee Luka akamgeukia babu, akamwuliza lile swali, na alimwuliza kwa heshima, mwanangu, kama anayembembeleza. "Shikamoo yangu unayo, mzee. Niambie jambo moja tu. Watu wako walifika ziwani vipi? Walifika wameshika bunduki, au walifika na kamba shingoni?"

Angejibu neno moja tu. Nilimwona babu akifungua mdomo. Nilimwona pia akimtazama tena Mwalimu Shomari, ambaye angerudi mjini na neno hilo kabla ya magharibi, na nadhani aliiona safu ya mbele, na duka, na miaka yote aliyoitwa mzee wa pwani. Akafunga mdomo. Akameza mate. Akasema, "Watu wangu ni wafanyabiashara."

Mzee Luka akainuka. "Basi tumekunywa togwa," akasema. "Nendeni salama."

Njiani kurudi Saidi alipanda nyuma ya lori, juu ya magunia, ingawa nafasi mbele ilikuwapo. Jioni yake alimwuliza babu, "Kweli sisi ndio tuliowafunga watu kamba?" Babu akamwambia aache maswali ya kitoto. Kwa hiyo kaka yangu akaamini. Aliondoka nyumbani akiamini kwamba anabeba jina la wauza watu, na hasira ile naielewa mpaka leo. Akavuka mpaka kwa miguu, akapitia mji wa Abakoni ng'ambo ya pili, akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Hakutuaga.

Babu alianguka kitandani muda mfupi baadaye. Siku moja asubuhi, nikimnywesha uji, akanishika mkono na kuniambia yote. Alizaliwa huku huku Ufipa. Alikuwa shambani na mama yake, anakusanya nyasi za kuweka chini ya matuta, walipokuja. Aliteremshwa ziwani, akauzwa kwa bwana mmoja ambaye mali yake ilivuka ziwa salama siku hiyo hiyo. Yule bwana akafurahi, akasema mtoto huyu kaja na baraka, aitwe Mabruki. Waliofungwa pamoja naye wakagawiwa majina yao: huyu Feruzi, huyu Almasi, yule Farjala.

"Wanasema maana yake aliyebarikiwa," babu akaniambia. "Baraka ilikuwa ya bwana. Haikuwa yangu."

Nikamwuliza jina alilopewa na mama yake. Akafumba macho. "Nimelitafuta maisha yangu yote," akasema. "Halinijii. Jina la ukoo wetu limenipotea, sura ya mama imenipotea. Zimebaki hizi," akainua mikono yake miwili, akaitazama. Akalia, mwanangu. Mzee mzima, mbele ya mjukuu wake. Kisha akanituma Mwimbi nikamweleze Mzee Luka, na nikitoka huko nikamtafute kaka yangu.

Nilikwenda. Mzee Luka alinisikiliza akiwa amesimama, na nilipomaliza akaketi chini, hapo hapo kwenye vumbi. "Ningempa," akasema. "Angesema kamba tu, ningempa binti siku ile ile." Kristina alikuwa ameshakwenda kwa masista, na hakurudi tena nyumbani. Mzee Luka akataka tufuatane mjini akamwone babu. Tulipofika, babu alikuwa amekwisha kufa.

Tulimzika baada ya adhuhuri. Siri ilikuwa imeshavuja, sijui kwa mdomo wa nani, na watu wa safu ya mbele walikuja wachache, wakasimama mbali kidogo. Kaburi lilipofukiwa, Mzee Luka akaniomba ruhusa, yeye Mkatoliki katikati ya kanzu zetu. Akaondoa udongo wa juu. Akapanga nyasi kwa duara, akakata mabonge, akayapindua moja moja, upande wa majani ukitazama chini, mpaka tuta likainuka juu ya babu yangu. Mwalimu Shomari alitaka kukataza. Nilimtazama, akarudi nyuma.

"Huenda ndiye," Mzee Luka akaniambia, akijifuta mikono. "Huenda siye. Walichukuliwa wengi."

Saidi nilimtafuta. Nilizunguka mgodi baada ya mgodi nikiuliza, kuna Saidi Mabruki hapa? Hapana. Hapana. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Niliporudi nyumbani mikono mitupu, mtu mmoja wa mtaa wa Kizwite, hapa hapa mjini, aliyekuwa amefanya kazi huko akaja kuniambia. Alimjua kaka yangu. Saidi alikuwa amejipa jina jingine kabisa, hata asili yake aliitaja nyingine, na jiwe lilikuwa limemwangukia chini ya ardhi. Walitafuta watu wake kwa lile jina alilotoa, hawakupata mtu, wakamzika. Huyo wa Kizwite wakati huo alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo hakujua kaburi ni lipi. Inawezekana nilipita kando ya kaburi lake nikiuliza. Nimezeeka na jambo hili na bado linaniuma, sitakuficha.

Sasa turudi kwenye simu yako. Mahali pengi ulipoliona jina letu jana, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Unguja, ndipo msafara ulipopita na kutua mizigo, na mizigo mingine ilikuwa na miguu. Wale si ndugu zetu kwa damu, au huenda baadhi ni ndugu, hatutajua. Kila mmoja ana babu aliyekuwa na jina jingine kabla ya hilo. Kule Mwimbi watu walisikia jina letu wakadhani tuliuza watu. Mjini, siri ilipovuja, wakajua tuliuzwa. Na babu, katikati, akachagua kunyamaza, na kunyamaza kwake kukamgharimu mjukuu.

Simlaumu sana. Aibu ile hakujipa mwenyewe. Lakini wewe nitakulaumu, kwa sababu nimeshakuambia. Usimfiche mtoto wako. Ukimpa jina zuri lisilo na historia, ipo siku ataulizwa yeye ni nani, naye atameza mate kama babu, au atakimbilia mahali ambapo hatuwezi kumtafuta. Mwambie mapema, akiwa bado anakaa mapajani: ulizaliwa katika ukoo wa mtu aliyeibwa shambani, jina alilopewa na mama yake limepotea, hili alipewa na mwizi, nasi tumelishika kwa sababu ndilo pekee linalotuonyesha njia aliyopitishwa. Mtu akimcheka, ajibu pale pale: ndiyo, kamba ilikuwa shingoni mwetu. Asijibu kwa kuinama. Na mvua zikikaribia kwisha, mpeleke Mwimbi akajifunze kupindua bonge.

Naona umekubali kwa kichwa; basi mlete sasa, nimshike. Mungu akukuze, mjukuu wangu mdogo. Akupe mdomo usioogopa swali, na popote utakapokwenda watu wako wajue pa kukutafuta. Umeitwa Mabruki, na safari hii, inshallah, baraka iwe yako mwenyewe.