Bima ya Figo za Doris

Sixten Broman aliendesha tramu za njano za mji wa Norrköping mpaka alipostaafu, na katika maisha yake yote hakuwahi kuruka foleni. Ni mtu wa kuingia kwenye duka la dawa lisilo na mteja hata mmoja, akachukua namba yake kwenye kile kimashine cha mlangoni, kisha akakaa kusubiri aitwe. Dada yake mkubwa, Vivan, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Sixten ghorofa ya tatu, alimcheka kwa hilo tangu utotoni. Mimi nilikaa chini yao. Yale ambayo hayakupenya darini kwangu niliyapata kwenye chumba cha kufulia cha jengo, ambako Vivan hakuwa na siri.

Doris alikuwa paka wa kijivu wa miaka kumi na mitatu. Binti yake Sixten ndiye aliyemwacha pale, alipomfuata mwanamume Kanada, akasema ni kwa muda tu. Binti hakurudi, mke wa Sixten akafariki, Doris akabaki. Asubuhi alipanda kitandani na kumkanyagakanyaga mzee kifuani mpaka aamke. Sixten alimwambia dada yake waziwazi kwamba Doris akiondoka hatachukua mwingine, na hajui ataamkia nini.

Doris aliwahi kuwa na bima. Alipofika miaka kumi ada ikaanza kupanda kila mwaka, na Sixten akaiacha, kwa kuwa paka mwenyewe alikuwa mzima kama jiwe. Kisha jirani mmoja akalazimika kumlaza mbwa wake usingizi wa mwisho, kwa sababu upasuaji ulikuwa na bei ya gari kuukuu naye hakuwa amemkatia bima. Habari hiyo ilipanda ngazi zote za jengo. Juma hilohilo Sixten alitandaza karatasi za kampuni tatu kwenye meza ya jikoni, akamwita dada yake.

"Hii ndiyo rahisi," alisema, "ila inalipa ajali tu. Kwa mfano akigongwa na gari."

"Doris agongwe na gari jikoni?"

"Ya pili inalipa magonjwa, lakini si meno, wala si figo akishapita miaka kumi na miwili."

"Sasa paka mzee ataugua nini kingine? Surua?"

"Ndiyo maana naitaka hii ya tatu. Inalipa figo, inalipa tezi, inalipa dripu, inalipa kulazwa."

Vivan akavaa miwani akatazama bei. "Mimi mwenyewe sina bima kama hii. Siku ukinikuta nimeanguka ngazini, mdogo wangu, waambie mimi ni paka wako."

Sixten alikata bima ile ya tatu. Aliyempokea kwenye simu alikuwa msichana mwenye sauti laini, Ellinor, aliyemsomea masharti bila haraka. Kulikuwa na wiki tatu za kusubiri. Ugonjwa wowote ambao dalili zake zingeonekana ndani ya wiki hizo ungehesabiwa kuwa wa zamani, na kampuni isingeulipia wakati huo wala baadaye.

"Hiyo ni haki," Sixten alimwambia. "Bila hivyo kila mtu angekuja na paka anayekata roho."

"Laiti wote wangeelewa kama wewe, Sixten."

Maneno hayo Sixten alimsimulia Vivan kwa fahari, kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa.

Wiki ya kwanza haijaisha, Doris akaanza kunywa maji kupita kiasi. Alikunywa, akaondoka, akarudi akanywa tena. Sixten aliona na hakusema. Baadaye paka akaanza kuacha chakula. Aliusogelea mchuzi, akaunusa, akageuza kichwa kama aliyetukanwa. Vivan alipokuja kunywa kahawa alimkuta amejikunyata kando ya bakuli lake la maji, manyoya ya mgongoni yamesimama.

"Huyu anaumwa. Mpeleke leo."

"Siwezi leo."

"Una kazi gani? Umestaafu."

"Nikimpeleka leo wataandika. Wakishaandika, figo zake hazina bima mpaka afe. Nimesoma, dada. Nimesoma mara mbili."

"Na usipompeleka?"

"Zimebaki wiki mbili. Atavumilia. Doris ni mgumu."

Fedha za kumwona daktari mara moja alikuwa nazo. Alichoogopa ni kile kitakachofuata: vipimo, dripu, kulazwa, mwezi juu ya mwezi, mpaka siku ambayo naye angesimama mahali aliposimama yule jirani wa mbwa. Alikuwa amenunua kinga dhidi ya siku hiyo, na sasa aliilinda kinga yenyewe. Alimchemshia paka samaki mweupe, akamtolea miiba kwa vidole. Alimmenyea kamba wa baharini. Alimpaka midomoni mayai ya samaki ya kwenye tyubu ili ajilambe. Sijaona mtu akimhudumia mgonjwa kwa upole kuliko ule, wala mgonjwa akinyimwa tiba kwa uangalifu kuliko ule.

Nimekaa katika miji mingi ambako watu humdanganya mtu wa bima bila kupepesa jicho, na jioni wakasimuliana wakicheka. Sixten hakuwa wa miji hiyo. Kwa hiyo wiki tatu zilipotimia, wakiwa ngazini na Doris kwenye kikapu, mwepesi kama fulana kavu, ilibidi Vivan amfundishe.

"Daktari akikuuliza imeanza lini, sema jana."

"Jana."

"Usiseme kama unaungama. Sema tu."

Daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Hillevi. Alimpapasa Doris tumbo, akamvuta ngozi ya shingo, akaona jinsi ilivyokawia kurudi.

"Hali hii imeanza lini?"

"Jana," alisema Sixten.

Hillevi akainua uso, na Sixten na dada yake wakaona kwamba uso huo umechangamka. "Kama ni ya ghafla, basi kuna matumaini. Figo zilizozimika jana zinaweza kuamka. Nyumbani kuna maua? Huenda amekula kitu chenye sumu."

"Huenda," alisema Sixten.

"Basi tumlaze, tumwekee dripu kwa wingi. Siku mbili tatu. Hatazipenda, lakini tukiwahi anaweza kupona kabisa. Ana bima?"

"Anayo."

"Afadhali."

Vivan aliniambia kwamba hapo alimwona mdogo wake akifungua mdomo. "Alitaka kusema. Nikamkanyaga mguu."

Wakamwacha Doris kwenye tundu la chuma, sindano mguuni, shingoni kola ya plastiki pana kama faneli, na mbwa wawili wakibweka ukuta wa pili.

Kesho yake mchana Hillevi alipiga simu. Vivan alikuwepo jikoni.

"Sixten, nimezipiga picha figo za Doris. Zimesinyaa. Figo hazisinyai kwa siku moja. Sikuulizi kwa ajili ya bima. Nakuuliza kwa sababu kama ni za zamani, hii dripu inamtesa bure, na jana sikupaswa kumwekea. Imeanza lini?"

Sixten aliihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Wiki mbili," alisema. "Zimezidi kidogo."

"Kwa nini hukumleta?"

"Nilikuwa nasubiri."

Hillevi hakuuliza alisubiri nini. Pengine hakuwa wa kwanza kumjibu hivyo.

"Ningemleta siku ile, angepona?"

"Kupona, hapana. Lakini kwa chakula maalumu na vidonge, wapo wanaofika mwaka, wengine miwili."

"Vidonge hivyo ni ghali?"

"Hapana," alisema Hillevi. "Si ghali."

Walipofika kliniki, sindano ilikuwa imetolewa na kola imevuliwa. Doris hakumkanyaga mtu kifua. Alilala juu ya taulo akitazama ukuta; Hillevi akamdunga sindano ya usingizi wa mwisho, na Sixten akaweka mkono wake chini ya kidevu cha paka mpaka kikawa kizito. Hillevi aliandika kila alichoambiwa, pamoja na zile wiki mbili.

Ellinor wa bima naye alipiga simu, kwa sauti yake ileile laini.

"Pole sana, Sixten. Nasikitika, lakini kwa mujibu wa rekodi za daktari..."

"Najua. Dalili ndani ya muda wa kusubiri."

"Ndiyo."

"Ulinieleza vizuri."

Akamweleza kwamba ada ya miezi iliyobaki itarudishwa kwenye akaunti yake, kisha akauliza kama ana mnyama mwingine nyumbani. Sixten akasema hana.

Vivan hakuweza kustahimili upole huo wote. "Wamekuonea hawa. Tuwaandike gazetini."

"Hawajanionea. Wangenionea, ningekuwa na mtu wa kumchukia."

"Basi nichukie mimi. Si mimi niliyekwambia useme jana? Si mimi niliyekukanyaga mguu?"

"Wewe ulinifunga mdomo siku moja, dada," alisema Sixten. "Mimi nilijifunga wiki mbili."

Aliimwaga kahawa yake kwenye sinki bila kuionja, akasubiri Vivan amalize yake, akamfungulia mlango.

Vivan bado anao ufunguo wa nyumba ya mdogo wake. Asubuhi huvuka kibaraza na kuujaribu. Ufunguo huzunguka vizuri, lakini mlango haufunguki. Sixten ameweka komeo kwa ndani.