Jina la mtani wangu limeingia kwenye gemu

Kuna mtu hapa Mtanda anapongezwa tangu mchana kwa kazi ya kichwa changu.

Mnajua mimi hutengeneza hatua za lile gemu la mafumbo la kwenye simu. Skripti yake, yale maagizo yanayoliendesha, ilikuwa butu, mlango unasikiliza kitufe kimoja tu. Nikawaandikia wenye gemu: uwezesheni mlango usubiri vitufe viwili, mchezaji aumize kichwa kidogo.

Leo asubuhi wakajibu. "Wazo lako tumelichukua. Tupe jina lako kamili."

Jina kamili la nini?

Mimi nimeishi Dar, nimelala Zanzibar, matapeli nawajua hata wakija na salamu.

Nikaandika jina la mtani wangu, Issa Chilumba. Ndiyo kazi ya mtani, balaa likija lianzie kwake. Mwaka jana yeye alitangaza nimekufa, watu wakaja kwangu na unga wa msiba.

Mchana gemu likajisasisha. Mlango unasubiri vitufe viwili. Chini yake wameandika: "Wazo la Issa Chilumba."

Nikamfuata barazani kwake.

"Mtani, waandikie waliondoe jina lako, waweke langu."

"Jina kanipa marehemu baba, wewe ndiye wa kulifuta? Kaa hapa unieleze skripti ni kitu gani, watu wananiuliza."

Nikakaa, nikamweleza mpaka akaelewa. Roho yangu mnaijua.

Sasa hivi anawaandikia wenye gemu, na skrini kaigeuzia ukutani.

Jamani, mnadhani anawaambia nini?