Mkaguzi na Beseni la Saluni

Mkaguzi wa majengo alikuwa na mazoea ya kugonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, kuutegea sikio kama daktari, kisha kuguna, "Mmh." Siku alipokuja kukagua gereji ambayo msusi aliiombea kibali cha kuigeuza saluni, kila "mmh" ilimkata maini yule dada, maana vyombo vyake vyote vilishaingia humo. Mkaguzi aligonga kuta, akagonga mlango, akagonga hata ndoo. Kwenye beseni la kuoshea nywele akasimama.

"Hili linafanya kazi?"

"Linafanya, baba."

"Nitajuaje?"

Akavua kofia. Kichwa kizima kilikuwa upara mtupu, unang'aa kama sahani. Akajilaza kitini, akafumba macho. Msusi akajiuma midomo asicheke, akampaka shampuu, akamsugua taratibu, akamsuuza, na ule mguno ukageuka wimbo wa puani.

"Na mashine ya kukaushia?" akauliza kwa sauti ya ofisini.

Akakaushwa pia, unywele hana hata mmoja. Alipozinduka usingizini akatia saini kibali.

"Umepita, mwanangu. Ila Jumamosi nitarudi kukagua dirisha la nyuma."

"Lakini baba, nyuma hakuna dirisha."

"Ndiyo maana lazima nirudi."