Lyon ya Dafrosa

Dafrosa aliuona mji wa Lyon usiku mmoja tu, tena kupitia kioo cha uwanja wa ndege. Ndege iliyomleta mafunzoni Stockholm mwaka 1972 iliharibika njiani, abiria wakalazwa kwenye viti vya uwanjani, kila mmoja na kipande chake cha mkate. Taa za mji zilimetameta kule mbali. Hiyo ndiyo Ufaransa yake yote.

Alipopata kazi ya kufua mashuka ya hospitali ili ajikimu mafunzoni, siku ya pili tu, saa ya kahawa, Gunvor alimuuliza alipitia wapi kuja. Gunvor alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mwenzake wa kukunja mashuka. Kwao Rombo Dafrosa angemwita mama. Hapa walimzoesha jina tupu, na ulimi ulikuwa ukisita. Akajibu kwamba alipitia Lyon. Akaulizwa alikula nini huko. Sasa aseme alitafuna mkate kitini, yeye aliyeagwa kwa misa na vigelegele? Akasema alikula bata, mgahawani, ukingoni mwa mto.

Uongo una njaa kuliko mtoto mchanga. Kila saa ya kahawa ulitaka kulishwa, na Dafrosa akaulisha miaka miwili: wahudumu wenye aproni ndefu nyeupe, mwanamke aliyeimba huku kakaa juu ya piano, wazee waliocheza dansi mpaka alfajiri. Mengine aliyatoa kwenye magazeti ya wagonjwa, mengine kichwani mwake. Wakimuuliza kama Kifaransa anakijua, alicheka tu, nao wakakichukua kicheko kuwa ndiyo.

Aprili 1974 akatimiza miaka thelathini. Gunvor na wenzake wawili wakampeleka kwenye mgahawa wa Kifaransa katika mji mkongwe, saa kumi na mbili jioni, jua bado halijazama. Wote wamevaa nguo za sikukuu. Mhudumu, Mfaransa mnene wa makamo, akaleta menyu. Gunvor akaifunga ya kwake, akasema leo Dafrosa ndiye atakayeagiza, tena kwa Kifaransa. Wao wanataka kusikia tu.

Hebu jiweke pale. Watu watatu wamekukazia macho kama watoto wanaosubiri peremende. Angesema kweli palepale, yakaisha. Badala yake akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili.

"Kaka yangu," alimwambia mhudumu kwa sauti ya puani, akipindapinda midomo, "hawa wanadhani nakijua Kifaransa. Nisitiri. Lete chochote."

Waswidi wakatazamana kwa furaha. Mhudumu alisimama na kalamu yake. Maneno hakuelewa hata moja, ila uso aliuelewa. Akaandika kitu, akainama kwa heshima, akajibu kwa Kifaransa kirefu kana kwamba wamezungumza. Baadaye akaleta kuku aliyepikwa kwa mvinyo, sahani nne. Wenzake wakapiga makofi. Dafrosa alitafuna bila kuonja. Kila alipopita, yule bwana alimjazia maji taratibu, na upole ule ulimchoma kuliko kama angemcheka.

Kahawa ilipokuja, Gunvor alitoa bahasha mkobani. Ndani mlikuwa na tiketi yake mwenyewe ya treni ya kwenda Lyon, mwezi wa saba. Maisha yake yote Gunvor hakuwahi kutoka Uswidi. Akasogeza karatasi na kalamu.

"Niandikie jina la ule mgahawa wa mtoni," akasema. "Na ule ukumbi wa dansi. Nataka kukaa palepale ulipokaa."

Dafrosa akasema jina limempotea kidogo, atalikumbuka Jumatatu. Kwenye treni ya kurudi Fittja, alikopanga chumba, alijificha nyuma ya skafu. Siku mbili nzima alimwona akilini mama yule akitembea kando ya mto wa ugenini, karatasi mkononi, akiuliza watu, na watu wakitikisa vichwa.

Jumatatu, shuka la kwanza likiwa kati yao, akasema. "Mgahawa haupo. Nililala uwanja wa ndege."

"Na Kifaransa?"

"Kilikuwa Kiswahili."

Gunvor hakuiachia ncha ya shuka. Akasema polepole, "Dada zangu wote nimewasimulia. Na watoto wao."

Dafrosa alitamani angepigiwa kelele. Walikunja mashuka mpaka mchana.

Mwezi wa saba Gunvor alikwenda vilevile. Aliporudi, saa ya kahawa aliwaeleza wenzake alivyovimba miguu, supu ilivyokuwa na chumvi, mvua siku tatu. Wale wawili wakamgeukia Dafrosa: naye aongeze, si anapajua? Hapo akatambua kwamba Gunvor hakuwa amemwambia mtu. Gunvor mwenyewe alikuwa akitazama kikombe chake, akimpa nafasi ya kukwepa.

"Mimi sijui," Dafrosa akasema, uso ukimwaka. "Mji wenyewe sikufika. Yote niliyatunga."

Kijiko cha mtu kikagonga kikombe. Gunvor akaendelea na habari za mvua.